Rauta Iko kwa Baba, Mke Wangu Anakimbilia Migombani

Dada Veronika, shikamoo, nisaidie maana nimechoka. Mimi ni Lusungu wa Kawetele, shule niliishia kidato cha pili lakini kwa mambo ya simu hapa kwetu hakuna wa kunifikia, hata mwalimu akikwama ananiita, ndiyo maana nilipokwenda Mbeya kununua rauta ya kuweka laini ya simu sikuuliza mtu, nikachagua yenye antena nne zimesimama kama pembe za ng'ombe, bei poa, muuzaji akaniambia, "Kaka, hii inapiga mpaka Tukuyu mjini," nikaifunga sebuleni kwa baba, mama akaifunika kitambaa cha kufuma, vijana wote wakahamia barazani kunisifu. Kumbe nyumba yangu iko nyuma ya migomba ya baba, umeme ninao lakini mtandao haufiki, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Mke wangu Atuganile anasomea ualimu wa chekechea kwa mtandao, mtihani ni wiki ijayo, inabidi asimame chini ya dirisha la baba, na kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe, sasa mzee akikohoa tu mwenzangu anatimua mbio migombani, juzi kateleza, simu ikazama kwenye tope, jaribio likakatika katikati. Baba anafoka, "Lusungu, kidude chako kinanifanya niogope kutoka nje hapa kwangu mwenyewe!" Atu naye kasema, "Antena zako nne, mimi nasomea kwenye tope. Ikifika Jumapili iko hivi hivi, naenda kwa mama yangu kule Lupepo, na usiniulize narudi lini." Nitajie rauta ya bei nafuu yenye nguvu zaidi, hata ya antena nane, nimkomeshe.

*

Marahaba. Umkomeshe nani, Lusungu? Mwanamke anayesoma huku anakimbia? Pole kidogo nakupa wewe, pole kubwa nampa yeye.

Wingi wa antena si umbali, muuzaji kakuuzia pembe. Majani ya mgomba yamejaa maji, na maji yanameza mawimbi, ndiyo maana mvua ikinyesha unaumbuka. Hata ukileta antena nane, migomba ni ile ile. Lakini wewe fundi wa kijiji, rauta ya laini inataka umeme tu, na umesema kwako umeme upo. Sasa kwa baba inafanya nini? Najua: kwako hakuna baraza la kukusifia.

Usinunue kitu. Ing'oe leo, ipeleke kwako, iweke juu ya kabati karibu na dirisha linalotazama mnara wa simu, na kitambaa mrudishie mama, kinaitia joto. Kwenye mipangilio chagua masafa ya 2.4, yanapenya ukuta kuliko yale ya 5. Badili paswedi, wale wa barazani wasimalize kifurushi. Mtihani ukipita, kama baba anautaka mtandao, pitisha waya wa mtandao kutoka kwako ndani ya bomba chini ya migomba, umfungie mwishoni rauta ndogo ya antena mbili. Hiyo ndiyo bei nafuu uliyokuwa unaitafuta.

Simu ya Atuganile kaikaushe, na umwombe radhi kabla ya Jumapili, kwa mdomo, si kwa meseji. Siku ya mtihani kaa barazani kwa baba uwazuie mashabiki wako wasimfuate mkeo. Wakiuliza pembe ziko wapi, waambie zimekwenda kwa mwenye kazi nazo.