Jina Ulilonikataza

Nchelenge, tarehe 6 Machi

Kwako Yaya Ngalula, dada yangu mkubwa, huko Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili na magoti chini, kama ulivyonifundisha. Mimi ni mzima, mume wangu Kapembwa ni mzima, na mtoto ni mzima kutupita sisi wote, maana ndiye pekee nyumbani humu anayelala mchana kutwa bila mtu kumwita mvivu. Wasiwasi wangu ni kwako. Mguu bado unavimba ukikaa sana mbele ya karai la mafuta? Yule fundi aliyeahidi kuziba paa kabla ya mvua amekuja, au bado anakuja? Na wateja wa vitumbua bado ni wako, au yule jirani aliyeiga biashara yako amekunyang'anya? Najua hajakunyang'anya. Kitumbua chake nilikila mwaka juzi, na mpaka leo sina hakika kama kimeshuka.

Utashangaa kupata barua wakati binamu yetu Guylain anavuka ziwa kila wiki na sabuni zake na vitenge vyake, na simu iko mfukoni mwake. Yaya, simu ya Guylain haijui siri. Tangu yako ilipozama kwenye beseni la unga, kila neno letu linapitia kwake, na yake inasikika kwa spika tu. Mara ya mwisho nilipokuambia kwamba maziwa yangu yanauma, nilisikia mwanamume nisiyemjua hapo kando yako akinishauri nitumie kabichi. Haya ninayotaka kusema leo si ya soko zima la Kilwa. Ndiyo maana bahasha nimeizungushia utepe wa gundi mara nne, na Guylain nimemwambia ndani kuna maombi ya wanawake wa kanisa. Hawezi kuifungua, anaogopa maombi.

Nianze mwanzo, maana Guylain husimulia mambo kama anauza samaki, anakuonyesha vichwa tu.

Mtoto alizaliwa Februari, ziwa likiwa limefungwa ili samaki wazaliane. Wewe unajua miezi hiyo wanaume wa huku wanavyokuwa. Nyavu ziko juu ya paa, hawana pa kwenda, wanakaa nyumbani wakiwa na maoni. Kapembwa akakaa na simu yake akitafuta majina. Siku ya kwanza alinijia na Briella. Nikamuuliza Briella ni nani. Akasema si mtu, ni jina tu, liko juu kwenye orodha. Dada yake Thelma akasema hapana, mtoto aitwe Queen Majesty, kwa kuwa amezaliwa na nywele nyingi. Guylain naye, aliyekuja kuleta sabuni tu, akaweka mzigo chini na kusema kwamba kwa Wakongo jina ni Merveille-Exaucée, tena kwa herufi zote. Walibishana siku tatu. Kule kliniki nesi aliandika kwenye kadi "Mtoto wa Kapembwa", akasema tukirudi bila jina ataandika la kwake mwenyewe.

Nilikuwa na kipimo changu. Nilisimama mlangoni nikayajaribu kimoyomoyo, kama vile mtoto yuko ufukweni anacheza na ugali umeiva. Merveille-Exaucée! Ugali ungepoa kabla sijamaliza. Nilitaka jina la zamani, fupi, la kuita na kuitika, lisilohitaji maelezo. Na nilikuwa nalo tayari, Yaya, tangu kabla ya mimba.

Najua ulinikataza. Sijasahau. Asubuhi ya harusi yangu, ukiwa unanifunga kitambaa kichwani, uliniambia kwamba nikizaa binti nimpe jina lolote, hata la kuku, ila si lako. Ulisema mume wako alikurudisha nyumbani baada ya miaka saba bila mtoto, na jina lililorudishwa halifai kupewa mwingine. Ulisema ukicheka, ukikaza kitambaa mpaka masikio yakaniuma. Mimi sikucheka.

Basi, siku ya nne mtoto akaanza kulia. Alilia hadi nyumba ya tatu wakaja kuuliza. Mama mkwe wangu, Ba Mayo Felistus, akafika kutoka Puta na kuku wawili na hasira moja. Alisema mtoto halii tumbo, analia jina. Kwao, kwa mama zake wote, mtoto hapewi jina kutoka kwenye simu. Anawekwa karibu na titi akiwa na njaa, wanawake wanakaa, majina yanatajwa moja moja, na lile atakaloshikia titi ndilo lake. Kapembwa alijaribu kusema neno. Mama yake akamuuliza kama yeye ana titi. Mjadala ukaisha hapo.

Majina yakakusanywa. Mengi ya kwao, ya mabibi waliolala Puta na Chienge, na kwa kuwa Ba Mayo ni mama mwenye haki, akasema upande wangu nao utoe matatu. Hata Queen Majesty aliliruhusu, ili Thelma asinune. Nikatoa la mama yetu, la bibi yetu, na lako. Thelma akauliza Ngalula ni nani. Nikamwambia. Akasema, si kwa ubaya, unajua mdomo wake, kwamba hilo ni jina la bibi mwenye kufunga kibiriti kwenye pindo la kitenge, na isitoshe ni jina lisilo na mtoto. Kwa nini tumtwishe kichanga jina lisilo na mtoto? Wanawake wengine wakaitikia mmh. Ba Mayo akafikiri, akasema basi litajwe la mwisho kabisa, tena mara moja tu. Nilitazama mkeka.

Yaliyofuata Guylain alikusimulia, na safari hii hakuongeza chumvi. Ba Mayo alitaja majina kumi. Chisanga, Mwaba, Chola, na mengine, na mtoto alikataa yote. Alifungua mdomo, alitafuta, kisha alilia na kugeuka. Jina la Chisanga, bibi yake Ba Mayo mwenyewe, alikaribia kulishika, lakini hapo mimi nikashikwa na kikohozi, na kilipopita mtoto alikuwa amekwisha kuliacha. Kwa Queen Majesty alipiga kelele hata Thelma akaona aibu. Wanawake wakaanza kusema mtoto huyu ni mgumu, labda anataka jina la mtu aliyesahaulika. Halafu Ba Mayo akasema, kwa sauti ya mtu anayemaliza kazi, Ngalula. Na mtoto akashika titi, akanyonya kwa nguvu mpaka vidole vya miguu vikakunjika. Vigelegele vilifika barabarani. Guylain, aliyekuwa nje ya dirisha mahali ambapo hakuruhusiwa, alipaza sauti, "Mutoto amechagula! Njo jina yake!" na kesho yake akavuka kukuletea habari.

Tangu siku hiyo nyumba imegeuka. Kwa kuwa amebeba jina lako, amebeba na heshima yako. Kapembwa anamwita shemeji na kumwomba ruhusa kabla ya kumbadilisha nepi. Mimi namwita Yaya, kama ninavyokuita wewe, na akinitapikia begani namwambia asante Yaya. Hata Thelma, wiki iliyopita nilimkuta amempakata akimwimbia, "Ngalula, Ngalula," akaniambia bila kunitazama kwamba jina hili lina utamu wake mdomoni. Kwenye kadi ya kliniki limeandikwa kwa wino. Nesi alisema hajaliandika jina la namna hiyo miaka mingi, na kwamba ameshachoka na herufi za wengine.

Kisha Guylain akarudi na ushanga wako mweupe wa kiunoni, na ujumbe wako. Aliutoa neno kwa neno, akajaribu hata sauti yako. "Kama mutoto mwenyewe ananichagula, mie ni nani wa kukataa?" Akasema ulilia mbele ya karai mpaka vitumbua vikaungua, na ukavigawa bure, na unawaambia watu sokoni kwamba hatimaye kuna aliyekutaka bila kulazimishwa. Hapo ndipo furaha yangu ilipopata mwiba, Yaya. Kwa sababu hiyo ndiyo habari yenyewe, na sasa nimeifikia.

Mtoto hakukuchagua.

Mimi niliiba. Asubuhi ile nilimnyonyesha kidogo tu, awe na njaa ya kutosha. Na kila jina lilipotajwa, chini ya kitenge, nilisogeza titi kwa kidole gumba, upana wa ukucha, mdomo wake ukakuta ngozi. Ndiyo maana alilia. Kile kikohozi sikuwa nacho. Alikuwa ameshalishika titi, kwa jina la Chisanga, na ningechelewa kidogo tu leo ungekuwa unasoma barua nyingine. Mara kumi nilimnyima mwanangu maziwa, mdomo wake ukihangaika juu ya kidole changu, na moyoni nikimwambia vumilia, mama, jina lako linakuja. Lilipotajwa nikaondoa kidole. Hakuna kingine. Alikuwa na njaa, angelishika hata kwa Briella.

Nilifikiri nitakufa na siri hiyo. Lakini Jumapili, Ba Mayo akiwa anamwogesha mtoto, tukiwa wawili tu, aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki, "Mukono yako nilionaka." Niliona kabisa wanavyonirudisha Kilwa na mtoto asiye na jina. Yeye akaendelea kummwagia maji, mabega yakimtikisika, na nikaelewa kwamba anacheka. Akarudi kwenye Kibemba chake. Akasema alipozaliwa mume wangu, wakwe zake walikuwa na majina tisa ya machifu na wawindaji, na yeye alimbana mtoto mpaka likatajwa la Kapembwa, kaka yake, aliyemlea kwa samaki wa mtumbwi mmoja walipobaki yatima. Na mama yake kabla yake alifanya hivyo hivyo. Akasema katika ukoo huu hakuna mtoto aliyewahi kujichagulia jina. Mama ndiye anachagua, mtoto ananyonya tu. Kwamba alikuweka wewe wa mwisho kwa makusudi, ili mtoto awe na njaa nzuri na Thelma awe amechoka. Tulicheka mpaka tukamsahau mtoto kwenye beseni, akatukumbusha.

Kisha akaacha kucheka, akasema jambo moja nikaona nikuandikie. Mtu akipewa zawadi lazima ajue imetoka mkono wa nani, asije akamshukuru mwingine.

Kwa hiyo usimshukuru mtoto, Yaya. Na sokoni usiseme hatimaye kuna aliyekutaka. Hatimaye gani? Mama alipotuacha nilikuwa na miaka mitatu, wewe kumi na sita. Ulinibeba mgongoni ukichoma vitumbua, mpaka leo nina alama ya mafuta kwenye kisigino. Cha kwanza kutoka kwenye karai kilikuwa changu, hata siku ambazo unga ulitosha vya wateja tu. Kusoma ulinifundisha kwa makaratasi ya kufungia. Thelma aliposema jina hilo halina mtoto, mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mtu mzima, maziwa yananivuja. Nilitaka kumuuliza, na mimi je, ni wa nani? Sikuuliza. Nilikaza kidole gumba.

Ushanga nimeurudisha, umo ndani ya bahasha, usishtuke. Ba Mayo anasema ushanga wa jina haufungwi na mama, unafungwa na mwenye jina kwa mkono wake. Uliupeleka kwa mtoto aliyekuchagua. Sasa unajua ni mimi niliyekuchagua, tena kwa wizi, tena baada ya kukatazwa. Ukikubali hivyo, vuka nao Pasaka uje uufunge. Guylain ameahidi kukuweka katikati ya mtumbwi, juu ya marobota ya vitenge, mguu usiloe. Ukikasirika, vuka pia, uje unigombeze hapa hapa. Ila jina halitoki, nimeshakuambia ni wino.

Nisalimie mama jirani na vitumbua vyake. Nisalimie fundi wa paa, ukimwona. Kapembwa anasema nikuandikie kwamba shemeji yake mdogo ana adabu kuliko shemeji yake mkubwa, lakini hilo atalijibu mwenyewe ukifika. Ba Mayo Felistus anakusalimu, na anauliza unapenda kuku au samaki, ajue yupi wa kufunga kamba. Ziwa limefunguliwa juzi, nyavu ziko majini, wanaume wametoka, na nyumba ina amani tena. Wajina wako amelala mapajani mwangu na ngumi imefungwa, kama mtu aliyeshika chenji.

Nakungoja ufukweni.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza,

Aurélie