Ukungu Unapita Juu

Jumatatu, 7 Julai
Zamu yangu ya maji. Nimefika kwenye ndiva, bwawa letu la udongo, kabla ya wenzangu. Limejaa nusu. Nimemwagilia koliflawa za juu tu. Baridi kali, vidole havishiki jembe. Kaka Hamza yuko kileleni anamalizia kukata mikulo, ile miti mikubwa ya msituni. Msumeno unasikika mpaka huku. Mwaka jana alifyeka upande mmoja, akapanda viazi, vikakubali. Sasa hakamatiki.

Jumatano, 9 Julai
Nimemfuata Hamza kileleni. Nimemwambia ukungu unashikwa na ile miti, ndiyo maana chini yake hapakauki. Amecheka. "Mdogo wangu, chemchemi iko kule chini na mikuyu yake sijaigusa hata jani. Mwiko gani nimevunja?"
Kweli hajavunja. Tumelelewa hivyo, mkuyu wa chemchemi haukatwi. Kuhusu mikulo ya kileleni hatukuambiwa kitu. Nimeshuka. Hasira tupu.

Jumapili, 10 Agosti
Ukungu ulipanda kutoka bondeni kama kawaida. Ulipita juu ya viazi vya Hamza, ukavuka kilele, ukaenda zake. Haukuacha tone.
Miaka yote mama huweka beseni jioni chini ya mkulo wa nyuma ya nyumba, asubuhi anatawadhia maji yaliyodondoka. Mkulo huo nao umekatwa. Jana beseni aliliweka kwenye kisiki. Mazoea, anasema. Nimeingia jikoni nikalia.

Jumamosi, 6 Septemba
Msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Kila nyumba imetoa mtu. Tumetoa tope kwenye ndiva, tumezibua mfereji mpaka kwenye chemchemi. Mfereji umependeza. Maji hayakuja. Mikuyu imesimama yote, chini yake unyevu tu.
Hamza alichimba kuliko wote. Hakuna aliyemsema. Hakuna aliyemtazama pia.

Jumanne, 7 Oktoba
Koliflawa zimekufa. Nimezing'oa, nimewapa mbuzi. Tangu niachike, bustani hii ndiyo iliyoniwezesha kukaa nyumbani kwetu nikiwa na heshima yangu. Viazi vya Hamza navyo vimenyauka. Nilidhani ningefurahi. Wapi.
Shangazi amenipatia kibarua cha kuchuma chai Mponde. Nimekubali. Sitaki kuondoka.

Ijumaa, 10 Oktoba
Hamza anapanda miche ya mikulo kileleni. Maji anayafuata mtoni, mbali, kwa ndoo. Nami nimebeba ndoo moja. Tulipofika juu akasema, "Hii sitaiona ikishika ukungu." Ana mvi, kaka yangu. Sijui zilianza lini.

Jumapili, 12 Oktoba
Mzigo nimefunga. Alfajiri nimemkuta mama uani, ndoo ya maji kando yake. Hakuigusa. Alipiga viganja kwenye vumbi, akapangusa uso, akapangusa mikono. Tayamamu. Vumbi, huku kwetu milimani, ambako nguo zilikuwa hazikauki.
Nikamwambia, mama, maji si haya hapa?
"Hayo ya miche."
Sijui shekhe angesemaje. Nilisubiri amalize kuswali, nikampa shikamoo, akanishika kichwa. Nikapeleka ndoo kileleni. Hamza alikuwa hajafika. Nikamwagilia, kisha nikashuka stendi.