Mjusi Ndani ya Mashine ya Pamba

Kiwanda cha kuchambua pamba, Shinyanga

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limeacha kukusumbua? Na huko Masumbwe mvua imeanza? Mwili wangu mzima, ila moyo umejaa kinyaa, na wa kumwambia ni wewe tu.

Uliuliza kazi yangu hasa ni nini. Napima weupe wa pamba. Mashine yetu ina tufe lenye uwazi ndani, limepakwa unga mweupe. Taa ikiwaka, mwanga hutawanyika humo pande zote na kuangukia pamba niliyoibana kwenye kidirisha. Sindano huonyesha pamba imerudisha mwanga kiasi gani na kumeza kiasi gani. Ikirudisha sana ni pamba safi. Ikimeza sana ni fifi, pamba chafu ya bei ya chini.

Juma lililopita kila pamba ilitoka fifi. Mama Masanja, aliyeleta pamba ya kijiji chake, alilia, "Mwanangu, tumeichagua kwa mikono, hata jani hamna!" Nami niliiona nyeupe. Nikaweka kigae cheupe tunachosahihishia mashine. Nacho kikasoma fifi!

Nikamwambia bosi kuna uvundo humo.

"Najua. Ni mjusi. Achana naye, andika fifi."

Alipotoka, nikafungua tufe. Mayu! Mjusi aliivia kwenye taa, akapasuka, mafuta yake yakachuruzika kote kwenye ule weupe. Nilitapika ndooni. Kisha nikakwangua, nikapaka unga mpya, nikapima upya. Safi.

Bosi alipoona vipimo vipya, akawaendea wakulima waliokuwa wakisubiri nje, kifua mbele. "Mmeona nilivyowapigania?"

Mama Masanja akampa jogoo kwa shukrani. Bosi akampokea akicheka, akanigeukia, "Kamnyonyoe."

Kile kicheko kilinichefua kuliko ule uvundo.

"Simnyonyoi," nikasema, nikawaeleza wakulima yote, yeye akiwa amesimama pale pale. Mama Masanja alimwendea, akamtwaa jogoo wake mikononi mwa bosi, akapanda lori.

Sasa nimehamishiwa ghala la mbegu. Nakohoa vumbi kutwa. Wenzangu wananishauri nikaombe radhi. Siendi.

Nisalimie Baba, kaka Paulo na mkewe, na shangazi anayekutekea maji. Wakinifukuza, mtaniona mlangoni na mzigo wangu, nami nitashika jembe bila aibu.

Ni mimi binti yako,
Kabula