Sindano Tatu za Sata

Bamako, Jumapili

Wifi yangu Kadidia,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta mzima hapo kwa baba yako, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe. Mimi mwili hauna neno. Vumbi la msimu huu limetupasua midomo, lakini hilo si la kulalamikia. Nimempa barua binamu yako Hawa, anayerudi huko na lori la vitunguu, nikamwambia akukabidhi mkononi mwako wala asimpe mtu mwingine, hata kaka yangu.

Najua hukutarajia kusikia kutoka kwangu. Tangu msiba sijakupigia simu hata mara moja. Nilikuwa nikiishika, kisha naiweka. Kuandika naweza. Darasa la sita tulikuwa tukipitishiana vikaratasi chini ya dawati mpaka mwalimu akatuchapa sote wawili, na ni kwa kikaratasi nilikwambia kuwa kaka yangu Ambakane anakupenda ila anaona haya. Ndiyo maana nakuandikia.

Alhamisi iliyopita orodha ilifunguliwa. Unakumbuka tulivyowaeleza akina mama pale kijijini: watoto mia tatu, nusu yao wachomwe chanjo mpya ya malaria, nusu wachomwe ya kichaa cha mbwa, na asijue mtu nani kapata ipi hadi mwisho. Siku ya tatu ya msiba uliniuliza Sata alichomwa ipi, nikakujibu kuwa orodha imefungiwa na hata mimi sijui. Wakati ule ilikuwa kweli. Sasa najua. Mwanao alichomwa ya malaria, sindano zote tatu.

Na haikusaidia kitu, Kadidia. Waliochomwa ya malaria waliugua sawasawa na waliochomwa ya mbwa.

Profesa Famanta ndiye aliyetusomea matokeo. Unamjua alivyo, Mbozo yule wa kabila la wavuvi, na utani wake na sisi Wadogoni wakulima. Miaka kumi na moja kila asubuhi ananiuliza, "Wee mla vitunguu, umeoga leo au nifungue madirisha?" nami namjibu kuwa harufu anayoisikia ni ya samaki aliowaficha mfukoni. Alhamisi aliingia akaniita Bibi Yapirei Arama, jina kamili, kwa heshima. Hapo nilijua kabla hajafungua bahasha. Alisoma mara moja, akavua miwani, akasema twende nyumbani. Hakuna aliyeondoka. Tuliketi tu, chai ikapoa kwenye vikombe.

Nikueleze kazi yangu ilikuwa nini hasa, maana ulikuwa ukiniuliza nami nakujibu kwa mkato nikiona itakuchosha. Kimelea cha malaria kimevikwa protini juu ya mwili wake, kama koti. Kwa koti hilo ndipo kinapoishika chembe ya damu na kuingia ndani. Tuliwaza kwamba tukiufundisha mwili wa mtoto kulitambua koti, utakishambulia kimelea kabla hakijaingia. Wazo lilikuwa zuri. Mpaka leo naliona zuri. Lakini makoti hayafanani. Chanjo ilitengenezwa kwa kufuata koti la aina moja, na huko kwetu vimelea vinavaa aina nyingi mno. Mwili uliofundishwa kuijua moja unazitazama nyingine kama wageni wasio na kosa.

Ijumaa nilikwenda kwenye jokofu nikaitoa damu ya Sata, ile aliyotolewa zahanati siku aliyofariki. Kichupa kina namba tu, hakina jina, lakini namba yake sasa ninayo. Niliisoma mwenyewe, mashine ikachukua siku nzima. Koti la kimelea kilichomuua halikuwa lile la chanjo.

Laiti habari ingeishia hapo, ningekuandikia pole na kuweka saini. Haiishii hapo.

Mwaka mmoja kabla ya sindano ya kwanza, nilisoma damu za watoto mia mbili wa vijiji vyetu. Koti la chanjo nililikuta kwa watoto thelathini tu. Nilimpelekea Profesa. Alinijibu kwa upole kwamba huenda mwili ukijifunza aina moja utazitambua na nyingine, hakuna ajuaye mpaka ijaribiwe, na kwamba tukisema sasa jaribio litahamishiwa nchi nyingine na vijiji vyetu vitampoteza daktari na dawa za bure. "Mla vitunguu," aliniambia, "tulia kwanza." Nikatulia. Simsingizii. Alisema huenda, na mimi niliisikia huenda kama ndiyo, kwa sababu nilitaka iwe ndiyo.

Nikaja kijijini. Ulikuwa wa mwisho kukubali. Ulisema mbele ya wenzako, "Yapirei, mtoto ninaye huyu mmoja. Usinichezee." Nikacheka, nikakwambia ningekuwa na wangu ningemchoma wa kwanza. Jioni tukiwa jikoni, unasonga ugali wa mtama, ukaniuliza akipata homa ufanye nini. Kwenye karatasi zetu iliandikwa kwamba kila homa mtoto aletwe zahanati siku hiyohiyo, achanjwe asichanjwe. Mimi nilikujibu, "Akishamaliza tatu, wifi, homa itakayompata ni mafua tu. Mpe maji, mfunike, itapita." Nilitaka uone aibu kwa kutoniamini. Ni hivyo tu, hapakuwa na sababu nyingine.

Mvua za mwezi wa nane Sata alishikwa na homa, nawe ukampa maji, ukamfunika, siku mbili. Siku ya tatu akapata degedege. Mlipomfikisha zahanati alikuwa hatambui mtu.

Na siku ya saba ya msiba, wazee wameketi, Ambakane alikuuliza kwa sauti ya kufokea, "Nani alikwambia ungoje? Nani?" Wewe ulinitazama mimi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwako, nimeshika bakuli la mtama wa sadaka. Nikatazama chini. Ulingoja niseme, Kadidia, nilikuona ukingoja, kisha ukasema, "Nilidhani ni mafua." Kwa maneno hayo wakakuita mama mzembe, na kabla ya arobaini kaka yangu akakurudisha kwa baba yako.

Ni mimi niliyekwambia. Nimemwandikia Ambakane vilevile kama nilivyokuandikia wewe, nikamtaka aisome barua mbele ya wazee walewale. Sijui kama ataisoma. Unajua ameshaoa. Hata akiisoma, sioni itakachokurudishia.

Sikuombi unisamehe, wala hulazimiki kujibu.

Jaribio letu limefungwa, majokofu yanahamishwa wiki hii. Kuna jaribio jingine linaanza upande wa Koro, la protini nyingine juu ya kimelea hichohicho, na wametafuta mtu anayejua lugha yetu wa kuzungumza na akina mama. Wameniita mimi. Wanasema akina mama wananiamini. Nimekubali, kwa sababu sina kazi nyingine ninayoijua, na kwa sababu nikikataa watampeleka mtu ambaye hajawahi kuzika mtoto kwa maneno yake. Naanza Jumatatu ijayo. Nimekaa tangu asubuhi nikijaribu kuandika nitakachowaambia, na karatasi ingali nyeupe.

Nisalimie baba na mama, na mama mdogo, na wote wa hapo nyumbani. Mungu amlaze Sata pema. Mungu akulinde wewe.

Ni mimi, niliyekuwa wifi yako,
Yapirei