Gari Haliondoki Hapa

Mtopanga, Jumamosi, baada ya magharibi.

Mvua ilianguka alfajiri ikakatika ghafla, kisha likatoka jua na fukuto lake, na mchana kutwa nguo zimeninata mgongoni. Vidole vyangu vina grisi mpaka sasa. Nimevisugua kwa sabuni na majivu, vimekataa. Basi viache. Leo sivionei haya.

Gari limewaka.

Naandika tena, kwa kuwa wiki nzima nimeambiwa halitawaka: limewaka.

Pikapu hii ni ya marehemu baba. Alipofariki, ndugu yangu mkubwa, Kaka Swaleh, alihamia nyumba ya Jomvu Kuu, mimi nikabaki hapa na Mama na pikapu. Ndiyo inayobeba masufuria yangu ya kukodisha. Hakuna arusi wala matanga kutoka hapa hadi Mjambere ambayo sufuria zangu hazijahudhuria. Mwenyewe huendesha, mwenyewe hupakia, mwenyewe hukwaruza ukoko watu wanapozirudisha chafu.

Jumapili iliyopita Kaka alikuja na maneno yake. Ati mwanamke mjane kupita barabarani na masufuria yanalia nyuma kama ngoma ni aibu ya ukoo, na watu wa Jomvu wanacheka. Yeye ana mtu atakayelinunua gari. Mama alikuwa barazani, akasikia yote, hakutia neno. Mbele ya Kaka, Mama huwa hatii neno. Mimi nilijibu kwamba hao wanaocheka ndio wanaokula pilau ya masufuria yangu, na sijasikia mtu amepaliwa.

Jumatatu asubuhi nikaingia garini, nikageuza ufunguo. Tak. Basi, tak moja, kimya.

Habari mbaya hapa Kisauni haihitaji gari. Jumatano Kaka alikuwa amekwisha kusikia, akaja akiwa na furaha ambayo hakuweza kuificha vizuri. Gari limekufa lenyewe, alisema, sasa tunabishana nini? Hapo ulimi wangu ukanitangulia. Nikamwambia Jumamosi tukishaswali adhuhuri amlete mtu wake. Likiwa bado bubu, walifunge kamba walivute. Likiwaka, neno la kuliuza nisilisikie tena katika nyumba hii. Akakubali, Mama shahidi.

Nilipolala nikajiuliza ni shetani gani aliyenituma. Jumamosi hiyohiyo nina arusi, sufuria zinatakiwa zifike kabla ya alasiri, na arusi yenyewe, kwa uzuri wa bahati yangu, iko Jomvu Kuu.

Nilimwita Fundi Mutua wa pale stendi. Ni mtu mwema, mcheshi, na hufungua kitu kabla hajakitazama. Mwezi uliopita yeye ndiye aliyeiteremsha na kuipandisha injini. Alisema betri imekufa. Nikawasha taa: zinawaka kama macho ya paka. Nikapiga honi, mbuzi wa jirani akakata kamba. Betri gani hiyo ya marehemu? Akahamia kwenye stata. "Mama, hii imekufa, nunua ingine." Nikamwambia aiteremshe kwanza aijaribu chini. Akaiunga kwa betri palepale mchangani, ikaruka kama kuku aliyechinjwa. Nzima. Akairudisha, nikageuza ufunguo.

Tak.

Mutua alifuta mikono, akatazama juu ya paa, akatazama mnazi, akaniambia kwa heshima zote kwamba kwetu Pwani kuna mambo ambayo kwao Ukambani hawayawezi, na kwamba nitafute mtu wa dua. Akaenda zake.

Mimi umeme sikusomea. Nimejifunza kwa kusimama na birika la chai. Mafundi humwona mwanamke aliyeshika birika kama wanavyowaona kuku wa uani, husema mbele yake kila kitu. Miaka yote ya marehemu mume wangu, aliyekuwa na gereji, nilimimina chai na kusikiliza. Nilichokipata ni hiki: umeme hauendi tu, sharti urudi. Unatoka kwenye betri, unafanya kazi yake, unarudi kwenye betri. Asiyeweza kurudi haendi.

Basi leo asubuhi nikafungua boneti, nikajifunga leso kiunoni, nikaanza kufikiri badala ya kufungua. Betri nzima, stata nzima. Njia ya kwendea je? Nikaufuata kwa kidole ule waya mnene tangu betri hadi stata. Msafi, umekaza. Nikarudi ndani nikajaribu tena, na tena, huku nikiivuta ile choki ya kuwashia asubuhi. Mara ya tano nikaiachia upesi. Ilikuwa imeniunguza.

Nikakaa nikaitazama. Waya wa choki ni wa kuvutia tu, hauna habari na umeme, sawasawa na kamba ya kuanikia nguo. Umepataje moto?

Nikacheka peke yangu garini, jirani akachungulia. Umeme ulikuwa umefungiwa mlango wake wa kurudia, ukawa unajipenyeza kupitia ujiani, kwenye kiwaya chembamba cha choki. Kwa taa na honi haikuwa shida, hizo zina njia yao. Lakini stata ni mlaji mkubwa, na chakula chake hakipiti tundu ya sindano.

Mlango wenyewe naujua. Ni waya bapa uliosukwa kama ukili, ule msuko wa ukindu tunaoshonea mikeka, unatoka kwenye injini na kufungwa kwa boliti kwenye bodi ya gari, chini kabisa, pasipoonekana. Nikalala kifudifudi juu ya injini, nikapeleka mkono.

Nikagusa kitu laini.

Kilikuwa kijimto kidogo cha kitambaa cheusi, kimeshonwa pembe nne kwa mshono mzuri sana, kimevishwa kwenye ncha ya ule waya, kati yake na chuma. Boliti Mutua hakuikaza tangu mwezi ule, ilifunguka kwa vidole. Hirizi. Na mshono ule ninaujua tangu nilipokuwa navaa gauni la madrasa.

Nilikwenda nayo barazani. Mama alikuwa akichagua mchele. Nikaiweka kwenye ungo, juu ya mchele. Nilikuwa nimekasirika, sitaficha. Nilidhani amekuwa upande wa Kaka, upande wa aibu ya ukoo.

Hakuinua uso. "N'litaka lisitoke," akasema.

"Lisitoke wapi, Mama?"

"Lisitoke hapa. Swaleh asilichukue. Hiyo kamba ya ukili n'liiona imelegea, nikasema hapa ndipo pa kutilia."

Mtu ambaye hakutia neno Jumapili alikwenda usiku huohuo kutia kitu kingine.

"Basi halikutoka, Mama," nikamwambia. "Hata kwangu mimi halikutoka."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikashindwa, tukacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

Nilikuwa nimerudi kulala juu ya injini nakaza boliti kwa spana waliposimama mlangoni. Kaka Swaleh, na mtu wake aliyevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa siku ya Jumamosi, na kamba mpya. Sikuwahi kulijaribu. Mtu yule akalizunguka gari, akalipiga teke gurudumu, akasema bodi si mbaya. Kaka akaniuliza kama nimeshachoka.

Niliingia na grisi yangu. Nilijua nimefikiri sawa, lakini kujua na kugeuza ufunguo mbele ya watu ni vitu viwili. Bismillahi.

Likawaka mara ya kwanza tu, likakohoa moshi wa wiki nzima, na yule mnunuzi alikuwa amesimama palepale nyuma. Kanzu ile sasa ni ya kufutia gari.

Kaka alisema limewaka kwa bahati.

"Kwa bahati au kwa boliti, tulisema likiwaka."

Akanitazama, akamtazama Mama apate msaada. Akauliza basi lilikuwa na nini. Mama aliinamia ungo kama kwamba mchele ule ulikuwa na maandishi. Nikajibu boliti ilikuwa imelegea, na huo si uongo. Mengine ni ya barazani.

Hapo Mama akaweka ungo chini, akajitanda buibui, akaja akafungua mlango wa mbele na kukaa kando yangu. Kaka akamwuliza anakwenda wapi.

"Arusini," akasema. "Na masufuria."

Sijawahi kumsikia akimjibu Kaka kwa neno fupi hivyo. Mtu wa kanzu alikuwa amekwisha kuanza kuikunja kamba yake.

Njiani aliniuliza ile hirizi iko wapi. Nikamwonyesha: chini ya kiti changu, mahali pasipopita umeme. Akaridhika. Mimi nimekaa hapa sasa najiuliza kama ilifanya kazi au haikufanya. Aliyeitia alitaka gari lisichukuliwe, na halikuchukuliwa. Sitabishana nayo.

Kesho nakwenda Jomvu Kuu kuyachukua masufuria. Njia ya mkato ipo. Nitapita mbele ya mlango wa Kaka Swaleh, kwa gia ya kwanza, polepole, na masufuria sitayafunga kamba.