Siku Ulipomgeuzia Kamau Mgongo

Mpendwa Mama,

Jana nilikula chipsi pale mtaani Umoja, katika hoteli yetu ileile, ingawa siku hizi wameipaka rangi nyingine. Kipande cha kwanza tu nikasikia sauti yako: "Nafula, hivi ni viazi. Chakula kiko nyumbani." Ulisema hivyo kila shule zilipofungwa. Uliacha cherehani yako, ukafunga kitambaa kipya kichwani, ukanipeleka pale kwa kuwa nimepita mtihani, kisha ukakaa unaninunia huku ukinywa soda. Tukirudi, kabla hujavua viatu, ulikuwa umeshateleka maji ya ugali. Mimi nimeshiba ndi, lakini kwako mtu aliyekula chipsi bado alikuwa na njaa.

Ndiyo maana, miaka ile ya tisini, nilipotaka ukutane na Kamau nilichagua hapo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nimependa hadi nimekuwa mjinga. Yeye alikuwa fundi wa magari, mtoto wa watu wa Murang'a aliyelelewa mtaa wa Tena, hatua chache kutoka kwetu. Wanawake wa kanisani walikuwa wameshakwambia kwamba watu wa kwao na sisi wa magharibi mwa nchi hatuwezani. Wewe uliniuliza tu kama anasali. Nami niliapa moyoni kwamba ukimkataa namwacha, na nilipowaza kumwacha nilikosa usingizi.

Kosa lilikuwa langu. Nilijua kwetu mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe wake, wala hampi mkono. Nilimwona nyanya, mama yako, akikimbilia jikoni kila Baba alipoingia bomani kwake. Lakini nilidhani mambo hayo tuliyaacha kijijini, na Kamau sikumwambia neno.

Basi ukaingia Jumamosi ile mchana. Kamau akaruka, akafuta mkono kwenye suruali, akakunyooshea.

"Karibu, mama. Habari ya nyumbani?"

"Nzuri," ulijibu ukitazama sakafu, mkoba umeushika kwa mikono miwili. Mkono wake ukabaki hewani. Chipsi na kuku vilipoletwa, ukachukua sahani yako, ukahamia meza ya nyuma yetu, ukageuza kiti kikatazama ukuta, ukaanza kula.

Hoteli nzima ilitukodolea macho. "Aki Nafula, nimefanya nini?" Kamau alininong'oneza. "Mathe wako hanitaki kabisa." Akachukua jaketi lake, akaelekea mlangoni. Mimi nikakujia na hasira zangu zote.

"Mama, hapa ni Nairobi! Mbona unaniaibisha?"

Neno hilo nalijutia hadi leo. Hukugeuka. Ulimeza kwanza, nikadhani ni ile adabu yako ya kutozungumza na chakula mdomoni. Kisha ukapaza sauti imfikie na yeye kule mlangoni.

"Angekuwa mgeni tu, ningekaa naye nile. Mgeni nakula naye. Mkwe sili mbele yake. Mwambie mkwe wangu arudi, chipsi zake zinapoa."

Sikumbuki kama nililia au nilicheka. Kamau alirudi polepole, akakaa, mgongo wake ukitazamana na wako. "Asante, mama," aliuambia ukuta wa upande wake. Baada ya muda ukanipitishia chupa ya sosi ya nyanya bila kugeuka.

"Mpe mkwe. Anakula kavu."

"Umemwonaje na umegeuka?"

"Nimemsikia akitafuna."

Miaka yote iliyofuata mlipendana hivyohivyo, mgongo kwa mgongo. Ulimshonea mashati bila kumpima, na yote yalimkaa. Ulipougua, aliweka kiti nje ya mlango wa chumba chako akakusomea zaburi akiwa koridoni, nawe ukimkosoa matamshi. Siku tuliyokuzika aliniambia, "Sijawahi kumshika mkono hata mara moja." Akajitazama viganja kama mtu aliyepoteza kitu.

Jana ni binti yetu aliyetupeleka pale, yule wa pili, mwenye jina lako. Alikuwa na kijana wa mtaa wa Fedha, mpole, ana jasho puani. Mama, mimi nilikuwa nimeapa kwamba mambo ya kugeuza viti yataishia kwako. Huyu mtoto hajui lolote, nilijiambia, nitamtia hofu bure. Nikaishika sahani kwa muda mrefu, chipsi zikipoa. Kisha yule kijana akamsogezea binti yangu paja la kuku lililokuwa kwenye sahani yake, bila kujionyesha, na miguu yangu ikasimama yenyewe.

Nikageuza kiti. Nyuma yangu nikasikia binti yetu akisema, "Mum, please!" na kiti cha kijana kikikwaruza sakafu. Halafu nikasikia Kamau akicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu ulipotuacha.

"Kaa chini, kijana. Kula. Umeshapita."

Mimi nilikuwa nimebaki na ukuta, na chipsi mdomoni ambazo hazikupita. Machozi yalinitoka na hakuna aliyeyaona. Ilinibidi nimeze kwanza ndipo nikaweza kusema, "Mpeni mkwe wangu nyanya."

Kumbe siku ile ulipomeza kwanza haikuwa adabu ya mezani, Mama. Nisamehe nilivyokupigia kelele.

Pumzika. Ugali niliusonga tuliporudi, kabla sijavua viatu.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.