Picha za Kichwa cha Mama

Umoja, Nairobi
22 Septemba 1985

Mdogo wangu Nabwire,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Boston haijakushika kifua kama mwaka jana. Sisi hapa tunaendelea. Shemeji yako Nahashon anakusalimu, bado ameajiriwa na jiji kule kanjo, na watoto wamerudi shule. Mama yu hai. Nalitanguliza hilo ili usisome mengine ukitetemeka.

Alipasuliwa Alhamisi tarehe kumi na mbili. Daktari wa hapa alifuata ushauri wa mtaalamu uliyemtafuta huko: apunguze uvimbe kwanza, na kile kipande kilichong'ang'ania mfupa chini ya ubongo akiache, kije kupigwa hiyo miale ya protoni. Jana Mama alikunywa uji kikombe kizima, akalalamika kwamba hauna sukari. Tukafurahi kama watu walioletewa mtoto mchanga. Mtaalamu amekubali kumpokea Januari, akishapata nguvu.

Ulipoandika mwezi wa tano kwamba kuna mashine inayochoma uvimbe bila kuunguza ubongo, Mama aliiweka barua yako ndani ya Biblia. Kila aliyekuja kumwona ilibidi aisome kwa sauti. Mama Waringa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisikia vibaya akadhani ni protini. Akatuletea maharagwe na mayai siku tatu mfululizo, hata Mama mwenyewe akacheka mpaka kichwa kikamuuma. Kanisani Mama alisimama akatoa ushuhuda kwamba binti yake wa Amerika anamponya. Nilikuwa nimemshika kiuno asianguke. Hakuna aliyeniangalia.

Unajua mimi si mtu wa kulalamika, lakini leo nitasema. Niliacha kazi ya kupokea simu ofisini ili nikae naye. Nilikuwa namwogesha, namgeuza, nafua mashuka anayotapikia. Jumamosi nilikuwa nakwenda soko la nyama la Burma asubuhi kumtafutia mifupa ya supu, kwa sababu ndiyo peke yake iliyokuwa inakaa tumboni. Siku moja alimaliza bakuli, akashusha pumzi, akasema supu ni tamu, lakini Nabwire angekuwapo angeipika vizuri zaidi. Nabwire, wewe hujawahi kupika supu ya mifupa maishani mwako! Akaniomba tena niitoe picha yako ya koti zito pale juu ya redio, niitundike mbele ya kitanda. Niliitundika. Nikawa kila ninapoinama kumvua nguo, wewe uko pale unatabasamu katika theluji.

Halafu ukaandika kwamba mtaalamu anataka picha za kichwa zilizopigwa na ile mashine mpya ya skani ya hospitali ya huku, pamoja na ripoti ya daktari, nizitume upesi kwa rejista. Nawe ulipouliza mbona zimechelewa, nilikujibu kwamba faili lilipotea hospitalini.

Halikupotea. Nilipewa picha hizo Jumanne tarehe kumi na moja mwezi wa sita, siku ileile nilipoziomba. Nilirudi nazo nyumbani ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Nilipofungua mlango Mama aliita, "Nabwire?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Aa, ni wewe," akageukia ukutani. Nikaiingiza bahasha chini ya godoro langu. Nilijiambia ni kwa siku moja tu, niwe na kitu ambacho wewe huna. Siku ikawa wiki. Ulivyozidi kuuliza ndivyo nilivyozidi kuona raha kwamba safari hii ni wewe unayesubiri.

Zilikaa chini ya godoro wiki tano na siku tatu.

Asubuhi moja nilikuwa namchana nywele. Akaniuliza mbona nimefunga pazia la upande wa kulia. Pazia lilikuwa wazi na jua limejaa chumbani. Nikapunga mkono karibu na jicho lake la kulia, halikupepesa. Sikumaliza kumchana. Nilichomoa bahasha, nikakimbia posta na kanga ya jikoni kiunoni. Hiyo ndiyo tarehe kumi na tisa ya mwezi wa saba uliyoiona kwenye muhuri.

Nilimwuliza daktari kama wiki tano zingeliokoa jicho. Alisema huenda ndiyo, huenda hapana, uvimbe ulikuwa umekwisha kuusogelea mshipa wa kuonea. Nahashon anataka nishike hilo la hapana. Siwezi, kwa sababu nilipozificha sikujua hapana wala ndiyo.

Mama nilimwambia kabla hajapasuliwa. Nilitaka anipige, au alie. Aliniuliza kama ulifunga ndoa bila kuniambia, hata nikuchukie hivyo. Nikasema hapana. Akasema, "Mwandikie mwenzako kwa mkono wako. Mimi sitakusemea." Tangu siku hiyo ananiita kwa jina langu, lakini sijui kama amenisamehe.

Fomu za safari zina nafasi ya mtu mmoja wa kumsindikiza, na Mama ameagiza niwe mimi, eti ninajua kumwinua. Sijaijaza. Ukisema nisije, ataletwa na mtu wa kanisa, nami sitakulaumu. Nijibu hata mstari mmoja.

Kwa vyovyote, shika haya. Chai yake iwe vuguvugu, moto unamtapisha. Usimwinue kwa makwapa, mshike mgongoni chini ya mabega, uhesabu mpaka tatu kwa sauti. Na siku ya kumpokea uwanjani simama upande wake wa kushoto. Ukija kwa kulia hatakuona, na hilo ni langu.

Watoto wanasema mama mdogo apokee salamu zao. Nami nakusalimu, kama bado unazitaka salamu zangu.

Ni mimi dada yako,
Phelister